Amri Isiyojibiwa Haijafutwa

Mtoto wa pwani akiitwa na mkubwa wake haruhusiwi kunyamaza. Wa kiume huitika "Naam", wa kike huitika "Abee", na kabla mwito haujaitikiwa mzazi haanzi kutoa maagizo. Mgeni naye hupiga hodi akangoja "Karibu"; na akiisha kupiga hodi mara tatu pasipo kujibiwa, adabu humtaka arudi alikotoka. Desturi hizi ni za kale kuliko waya wa simu, lakini ndani yake mna kanuni ambayo wahandisi wa mitambo ya kisasa wamelazimika kuigundua upya, mara nyingine baada ya hasara kubwa: kusema si kusikiwa, na kusikiwa si kutendewa.

Kanuni hiyo hukumbukwa kwa urahisi amri inapotolewa. Inapofika zamu ya kuifuta amri, wengi huisahau. Mathalani, mama amemtuma mtoto dukani kununua kilo mbili za sukari. Mtoto amekwisha toka nje, mama akakumbuka kwamba sukari imo kabatini. Anapaza sauti: "Rudi, usinunue tena!" Je, amri ya kwanza imefutika? Hapana ajuaye mpaka mtoto aitike. Na hata akiitika, lipo swali la pili: ameitika akiwa mlangoni, akiwa njiani, au akiwa amekwisha mkabidhi mwenye duka fedha? Maneno ya mama ni yale yale, lakini matokeo yaweza kuwa matatu.

Katika viwanda vinavyoongozwa na kompyuta swali hili si la sukari. Ni la vali ya mvuke, la pampu ya asidi, la mkono wa chuma uzungukao karibu na kichwa cha fundi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kufuta amri ni amri kamili, nayo yastahili kupokelewa, kutekelezwa na kutolewa taarifa kama amri nyingine yoyote. Mwanafunzi asiyefundishwa hivyo shuleni atakuja kufundishwa kiwandani, kwa gharama ya mali au ya mwili wa mtu.

KIDHIBITI NA TARISHI WAKE

Kidhibiti cha kiwandani ni kompyuta iliyoundwa kustahimili vumbi, joto na mtetemo. Vidhibiti vya kwanza vya aina hii vilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kampuni ya magari ya General Motors ilipotafuta njia ya kuachana na makabati yaliyojaa rilei, ambayo yalihitaji kuungwa waya upya kila muundo wa gari ulipobadilika. Kundi la wahandisi lililokuwa pamoja na Richard Morley lilitoa kidhibiti kilichoitwa Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni yao. Mwaka 1979 Modicon ilitangaza kanuni za mawasiliano ziitwazo Modbus, ambazo hadi leo hutumiwa na vifaa vingi mno. Vidhibiti vya jamii hiyo huonekana katika viwanda na mitambo ya maji ya Afrika ya Mashariki kama vinavyoonekana kwingineko.

Kazi ya kidhibiti huenda kwa mzunguko: husoma hali ya swichi na vipimo, hukokotoa kwa kufuata programu, hutoa amri, kisha huanza tena. Mzunguko mmoja waweza kuchukua sehemu chache za elfu za sekunde. Lakini vifaa vilivyo mbali, kama pampu iliyo upande wa pili wa kiwanda, havizungumzi na kidhibiti moja kwa moja. Kati yao huwekwa moduli ya mawasiliano, ambayo ni kompyuta ndogo yenye saa yake na mzunguko wake. Moduli hiyo ni tarishi. Hupokea amri kutoka kwa kidhibiti, huipeleka kwa njia ya waya, hungoja jibu, kisha hulirudisha jibu hilo kwa bwana wake.

Kwa kuwa bwana na tarishi wana saa mbili zisizolingana, haitoshi bwana kuonyesha ishara kwa nukta moja na kuiondoa. Huenda akaionyesha na kuiondoa wakati tarishi ametazama kwingine, na amri ikapotea bila mtu kujua. Ndiyo sababu zikabuniwa ishara za kuitikiana, ambazo huenda kwa hatua nne. Kwanza, kidhibiti huinua ishara ya ombi, yaani hugeuza alama ya 0 kuwa 1, na kuishikilia. Pili, moduli huiona na kuinua ishara ya kuitika. Tatu, kidhibiti, baada ya kuona kwamba kimeitikiwa, huishusha ishara ya ombi. Nne, moduli hushusha ishara yake ya kuitika, na hapo pande zote mbili huwa tayari kwa ombi jingine. Hakuna upande unaopiga hatua kabla haujaona hatua ya mwenzake. Mwendo huu hauhitaji saa zilingane. Wahitaji uvumilivu tu.

KUFUTA KUNA MAJIBU ZAIDI YA MOJA

Na sasa ichukuliwe kwamba kidhibiti kimetoa amri kwa pampu ya mbali: ihamishe lita 500 za asidi hadi kwenye tangi la kuchanganyia. Mara fundi aliyesimama kwenye jopo la swichi aona kwamba vali ya chini ya tangi hilo imeachwa wazi. Abonyeza kitufe cha kufuta. Kidhibiti chainua ishara ya kufuta, moduli yaitika, na taa yawaka: "Imefutwa". Fundi apumua.

Je, ana haki ya kupumua? Inategemea amri ya kwanza ilikuwa imefika wapi. Huenda ilikuwa bado katika foleni ndani ya moduli, haijapelekwa. Hapo moduli huiondoa, na kufuta kunakuwa kufuta kweli: hakuna hata tone lililohama. Huenda amri ilikuwa imekwisha pita katika waya, na pampu imeipokea na kuanza kazi. Hapo moduli yaweza kuacha kungoja jibu, lakini haiwezi kuurudisha ujumbe uliokwisha toka. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachohitajika si kufuta bali amri mpya ya kusimama, ambayo nayo sharti ijibiwe, na jibu hilo lazima liseme ni lita ngapi zilizokwisha hama. Au huenda pampu ilikuwa imekwisha maliza kazi yote, na kilichobaki ni jibu lake tu lililokuwa njiani. Hapo hakuna cha kufuta. Kuna ajali ya kushughulikia.

Taa iliyoandikwa "Imefutwa" haitofautishi hali hizi tatu. Yaeleza kilichotendwa na moduli, wala haielezi kilichotendwa na pampu. Hilo ndilo kosa lililo katika programu nyingi zilizoandikwa kwa haraka: ishara ya kwamba tarishi amesikia huchukuliwa kuwa ishara ya kwamba jambo lenyewe limekoma. Wenye kuweka viwango walikwisha ona hatari hiyo. Katika kanuni za shirika la PLCopen za kuongoza mwendo wa mashine, kila amri hutoa taarifa zinazotenganishwa wazi: kwamba ingali ikitendeka, kwamba imekamilika, kwamba imekatizwa na amri nyingine, au kwamba kuna kosa. Kukatizwa hakuhesabiwi kuwa kukamilika, wala hakuhesabiwi kuwa kosa. Kwa upande mwingine, Modbus haina kabisa amri ya jumla ya kufuta ombi lililokwisha pelekwa. Mwenye kuitumia sharti apange mwenyewe amri ya kusimama na namna ya kuihakikisha.

Ipo pia hali ya nne, nayo ni kimya. Katika mambo ya posa kimya huenda kikahesabiwa kuwa ridhaa. Katika mitambo kimya si ridhaa wala si kukataa, ni kutojua. Kwa hiyo kila ombi la kufuta huwekewa muda wa kungoja, na muda huo ukipita pasipo jibu, kidhibiti hakina ruhusa ya kuendelea kana kwamba amri imefutika. Hapana budi kiielekeze mashine kwenye hali ya usalama, kisha kiulize upya hali halisi ya kifaa.

FUNZO LA MWAKA 1861

Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Tarehe 25 Agosti 1861, katika reli ya kutoka Brighton kwenda London nchini Uingereza, treni tatu ziliondoka Brighton zikifuatana katika muda wa dakika chache. Njia hiyo hupita katika handaki la Clayton, lenye urefu wa kilometa mbili na zaidi kidogo. Kila upande wa handaki palikuwa na mlinzi wa ishara, na walinzi hao wawili waliwasiliana kwa telegrafu.

Treni ya kwanza ilipoingia, ishara ya njiani iliyopaswa kujirudisha yenyewe kwenye alama ya hatari haikurudi. Treni ya pili ikaja ikiwa na ruhusa ambayo haikupasa kuwa nayo. Mlinzi wa upande wa kusini alitoka mbio akapunga bendera nyekundu ili kuifuta ruhusa ile. Lakini treni ilikuwa ikiingia handakini wakati ule ule, naye hakuwa na njia ya kujua kama dereva ameiona bendera. Ilikuwa amri ya kufuta isiyokuwa na jibu.

Mlinzi akamwuliza mwenzake kwa telegrafu kama handaki li wazi. Yule wa kaskazini, aliyekuwa ameiona treni ya kwanza ikitoka, alijibu kwamba li wazi. Jibu lilikuwa la kweli kuhusu treni ya kwanza. Aliyelipokea alilichukua kuwa la treni ya pili. Akaipa treni ya tatu bendera nyeupe ipite. Kumbe dereva wa treni ya pili alikuwa ameiona bendera nyekundu, amesimama ndani ya handaki, na alikuwa akirudi kinyumenyume. Watu 23 walikufa na 176 wakajeruhiwa.

Ndani ya msiba huo mna makosa mawili ambayo hadi leo hujirudia katika programu za vidhibiti. La kwanza ni kufuta pasipo kuitikiwa. La pili ni jibu lisilotaja ni la ombi gani. Kosa hili la pili ni la hila zaidi. Kidhibiti kikifuta amri ya kwanza na kutoa ya pili papo hapo, jibu lililochelewa la amri ya kwanza laweza kufika na kupokelewa kama jibu la ya pili. Programu yaendelea mbele kwa furaha, hali pampu haijatenda lolote. Dawa yake ni kuzipa amri nambari, na jibu kulazimishwa kurudia nambari ile ile. Katika Modbus inayosafiri kwa mtandao wa TCP kila ombi lina nambari ya baiti mbili, yaani kuna nambari 65,536 za kutofautisha maombi. Katika Modbus ya waya wa kawaida nambari hiyo haimo. Kwa hiyo hapana budi kungoja ombi moja limalizike au muda wake upite kabla ya kutoa jingine.

Reli zenyewe zilijifunza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1889 iliwezesha njia za abiria kulazimishwa kutumia mfumo wa kugawa reli vipande, treni moja kwa kipande kimoja. Katika kanuni za kengele za mfumo huo, hata kufuta kulipewa mlio wake: mapigo matatu, kisha matano. Mlinzi aliyepokea mapigo hayo alitakiwa kuyarudia kwa mwenzake, na kabla hayajarudiwa kufuta hakukuhesabiwa.

KIOO KILIPOSEMA UONGO

Ikiwa yupo adhaniye kwamba kompyuta zimeondoa hatari hizo, na aitazame mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la nishati ya atomiki la Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walijulikana kupigwa mionzi iliyozidi mno. Katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji alichagua kwa makosa matibabu ya eksirei, akatambua, akarudi nyuma upesi na kusahihisha kuwa ya elektroni. Kioo kilionyesha masahihisho hayo barabara. Lakini sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde nane kujipanga, na badiliko lililofanywa ndani ya muda huo halikufika katika sehemu zote za programu. Amri ya kwanza ilikuwa imefutwa kiooni tu. Mgonjwa alipokea mkondo mkali wa elektroni bila bamba la metali lililopaswa kuwa mbele yake. Mwezi uliofuata jambo lile lile likatokea tena mahali pale pale, na wagonjwa wote wawili walifariki baadaye. Mashine ya Therac-20 iliyotangulia ilikuwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea programu. Katika Therac-25 vizuizi hivyo vilikuwa vimeondolewa.

PINGAMIZI MBILI

Wapo wasemao kwamba kuitikiana huku kunachelewesha kazi. Hesabu haiwaungi mkono. Ikiwa kidhibiti na moduli kila kimoja huzunguka kwa sehemu 10 za elfu za sekunde, hatua nne zitachukua, kwa hali mbaya kabisa, takriban sehemu 40 za elfu. Katika muda huo mkanda wa kubebea mizigo uendao meta moja kwa sekunde husogea sentimeta 4. Kama sentimeta 4 ni nyingi mno kwa kazi fulani, kinachohitajika ni kidhibiti chenye kasi zaidi, si kidhibiti kisichosikiliza.

Wengine husema kwamba kipo kitufe chekundu cha dharura, kwa hiyo mengine ni urembo. Hapa ukweli umechanganyika na kosa. Ni kweli kwamba mwanadamu asitegemee ujumbe wa kawaida kuokoa maisha yake. Kiwango cha kimataifa IEC 60204-1 hutaka kituo cha dharura kiondoe nguvu ya mashine mara moja, au kiisimamishe kwa utaratibu kisha kiiondoe nguvu. Hata mitandao maalumu ya usalama, ambayo leo hubeba ishara hizo, imejengwa juu ya kanuni ile ile iliyokazwa zaidi: kila ujumbe una nambari, una muda wake, una alama ya kuhakikishia, na ujumbe usipofika kwa wakati, mashine husimama. Hapo kimya chenyewe kimefanywa kuwa amri ya kusimama. Lakini kitufe cha dharura hubonyezwa siku ya msiba. Kufuta kwa kawaida hutokea kila siku, na ndiko kunakozuia siku ya msiba isifike.

LA KUFANYWA DARASANI

Mafunzo ya umeme na ya kompyuta shuleni hukazia sana upande wa kutoa: bonyeza swichi, taa iwake, andika amri, kompyuta itende. Upande wa jibu huachwa ujifiche. Walimu wanaweza kuusawazisha mzani huo pasipo kununua mtambo wowote.

Yatosha wanafunzi watatu, balbu nne ndogo na swichi zake, betri, na punje za maharage. Wa kwanza ni kidhibiti, wa pili ni moduli, wa tatu ni pampu ihamishayo punje 10 kutoka kopo moja hadi jingine, moja moja. Balbu mbili ni za ombi na kuitika. Mbili ni za kufuta na kuitika kufuta. Moduli afumbe macho, ayafumbue mara moja tu katika kila sekunde tano. Katika zoezi la kwanza kidhibiti awashe taa ya ombi kwa sekunde moja na kuizima: mara nyingi amri itapotea. Katika la pili aishikilie mpaka aitikiwe: haitapotea kamwe. Katika la tatu mwalimu atoe ishara ya kufuta kwa nyakati mbalimbali, kisha darasa lihesabu punje zilizohama. Mara zitakuwa 0, mara 4, mara 10, na kila mara taa ya kuitika kufuta itakuwa imewaka vile vile. Mwisho, pampu apewe amri mbili zinazofuatana, ya punje 10 na ya punje 6, naye ajibu "Tayari" tu bila kutaja ni ipi. Mabishano yatakayozuka darasani yatafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa kitabu. Shule isiyo na balbu yaweza kutumia kadi za rangi.

Mwanafunzi aliyezihesabu punje hizo kwa mkono wake, akiwa fundi baadaye, hataridhika na taa iliyoandikwa "Imefutwa". Atauliza: imefutwa wapi, imefutwa lini, na ni nani aliyeitika? Kati ya fundi aulizaye hivyo na fundi asiyeuliza, yule wa kwanza ndiye anayestahili kukabidhiwa vali ya mvuke.